Kifungo cha Kubonyeza: Kazi ya Springi, Shaba na Mkono wa Fundi



Ukishuka kwenye steji ya Olympic, Kibera, jijini Nairobi, na kuifuata Kibera Drive kuelekea Makina, hutatembea sana kabla ya kusikia cherehani. Mafundi wamekaa milangoni mwa vibanda vyao, na kazi wanazoletewa hazitofautiani sana: suruali ya kukatwa miguu, sketi ya shule ya kuongezwa kiuno, zipu iliyokataa, na jaketi ambalo kifungo chake cha chuma kimeng'oka na kuondoka na kipande cha kitambaa. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayoleta maneno. Mwenye jaketi anasema fundi aliyekipiga hakujua kazi. Fundi anasema vifungo vya siku hizi havina chuma cha maana. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini ni wachache waliowahi kukichunguza kifungo chenyewe: kimeundwaje, kinashikaje, na kwa nini kinaachia. Hayo ndiyo mazungumzo ya leo.

Kinachozungumziwa ni kile kifungo cha kubonyeza, chenye dume na jike, kinachofungwa kwa kidole gumba na kutoa mlio mdogo. Kiko kwenye nguo za watoto wachanga, majaketi ya jinzi, ovaroli za makanika, pochi, mikoba na miavuli. Kwa macho ni vipande viwili. Kwa kweli ni vinne. Upande wa juu wa nguo kuna kofia, ile inayoonekana kwa nje, na chini yake jike, yaani kikombe chenye tundu. Upande wa pili kuna dume lenye shingo nyembamba na kichwa kilichotuna, na nyuma yake kipande cha kulishikilia. Kofia na jike hubana kitambaa katikati yao. Dume na kipande chake hubana kitambaa vivyo hivyo.

Kwa hiyo kifungo kimoja kimebeba kazi mbili zinazopingana. Dume na jike vinatakiwa viachane kila vinapovutwa, leo na kesho na mwaka ujao. Kofia na jike havitakiwi kuachana kamwe. Jaketi linapoharibika, swali la kwanza ni hilo: ni muungano upi kati ya hiyo miwili uliokosea?

Muungano wa kwanza unategemea springi. Ukilitazama jike kwenye mwanga utaona mojawapo ya mambo mawili. Huenda utaona nyaya mbili nyembamba zimelala sambamba ndani ya kikombe. Kichwa cha dume kinapoingia huzisukuma kando, na kikishapita zinarudi na kuibana shingo. Springi ya namna hiyo ni laini mkononi na inafaa mashati na vitambaa vya uzito wa kati. Au utaona pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, inayotanuka kichwa kinapopita kisha kusinyaa tena. Pete hushika kwa nguvu zaidi, ndiyo maana huwekwa kwenye ngozi, jinzi nzito na turubai. Tofauti kati ya upana wa kichwa cha dume na nafasi iliyoachwa na springi ni sehemu ndogo ya milimita. Nafasi ikibana mno, mtoto hawezi kujifungulia koti lake. Ikilegea, blauzi inafunguka ndani ya matatu mbele ya watu.

Historia ya kifungo hiki si ndefu sana. Mwaka 1885 Mjerumani Heribert Bauer alisajili hataza ya kifungo chenye springi, akikikusudia kwa suruali za wanaume. Mwaka uliofuata, Albert-Pierre Raymond wa Grenoble, Ufaransa, akasajili cha kwake. Grenoble ulikuwa mji wa glavu za ngozi, na glavu ina shida ambayo suruali haina: mkono uliokwisha kuvikwa ndio unaotakiwa kuufunga mwenzake, na vidole vilivyofunikwa kwa ngozi haviwezi kupenyeza kifungo cha kawaida kwenye tundu lake. Kifungo cha kubonyeza kiliwafaa wavaa glavu mara moja. Kisha mwaka 1903 Hans Prym wa mji wa Stolberg, Ujerumani, akakiboresha kwa springi ya nyaya mbili zilizopindwa, ile ile inayoonekana leo ndani ya vifungo vingi. Ukoo wake haukuwa mgeni wa madini: kampuni ya Prym inahesabu mwanzo wake kuanzia mwaka 1530.

Aliyekisambaza kifungo hiki kwa wingi ni mtu mwingine, na habari zake zinastahili kusimuliwa. Jindřich Waldes alianzisha kampuni yake mjini Prague mwaka 1902. Mshirika wake, fundi mitambo Hynek Puc, alibuni mashine ya kuingiza springi ndani ya jike, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa vidole, springi moja baada ya nyingine. Mashine ilipoingia, bei ilishuka na kifungo kikatoka kwenye glavu za matajiri na kuingia kwenye nguo za kila siku. Vifungo vyao viliitwa Koh-i-noor, na nembo yake ilikuwa uso wa mwanamke anayetabasamu, kifungo kimekaa jichoni mwake mahali pa lenzi. Waldes alipenda sanaa na alimsaidia sana mchoraji František Kupka. Alikuwa pia Myahudi. Wanazi walipoikalia Prague mwaka 1939 walimkamata, akafungwa katika kambi ya Buchenwald. Aliachiliwa baadaye, lakini hakufika Marekani alikokuwa akielekea: alifariki Havana mwaka 1941. Vitu vidogo vya nguo vina watu nyuma yake, na huyu hafai kusahaulika.

Ushahidi wa historia hiyo unauzwa Toi, mwendo mfupi tu kutoka Olympic. Soko la Toi liliteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, likajengwa upya na wafanyabiashara wake, na hadi leo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mitumba Nairobi. Anayechagua jaketi pale huangalia kola, huangalia zipu, huinusa nguo. Ni vizuri pia afungue kifungo na kusoma maandishi yaliyopigwa ndani ya jike. Mara nyingi atakuta jina la aliyekitengeneza: Prym ya Stolberg; Scovill, kampuni iliyoanzia Waterbury, Connecticut, mji wa Marekani uliojengwa kwa biashara ya shaba; au YKK, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1934 na Tadao Yoshida, na ambayo wengi wanaijua kwa zipu zake. Jina peke yake halithibitishi ubora, maana majina huigwa. Lakini mtengenezaji anayetia jina ndani ya kikombe, mahali ambapo mpita njia hapaoni, kwa kawaida anajali kinachoendelea humo.

Humo Toi pia hupatikana yale mashati ya kimagharibi, yenye mabega yaliyokatwa kwa ncha na vifungo vinavyong'aa rangi ya lulu. Hayo yanahusishwa na Jack Weil wa Denver, aliyeanzisha kampuni ya Rockmount mwaka 1946 na kuweka vifungo vya kubonyeza kwenye mashati ya wachunga ng'ombe. Sababu inayotolewa kila mara ni ya usalama: shati likinaswa na seng'enge au pembe, linafunguka lote kwa pigo moja na mvaaji anabaki mzima. Weil alifanya kazi hadi uzee wa ajabu, akafariki mwaka 2008 akiwa na miaka 107. Wapenzi wa muziki wa kantri nchini Kenya, na si wachache, wanayapenda mashati hayo. Mwanamuziki Sir Elvis ameuimba muziki huo Nairobi kwa miaka mingi, na mashabiki wake hujitokeza na kofia pana na vifungo vya lulu vifuani.

Sasa tuuendee muungano wa pili, ule usiotakiwa kuachia, kwa sababu hapo ndipo nguo nyingi zinapoharibikia.

Kofia hushikana na jike kwa njia mbili. Njia moja ni meno. Kofia ina pete yenye meno makali yanayopenya kitambaa bila tundu kutobolewa, kisha hujikunja ndani ya jike. Hiyo ndiyo inayofaa vitambaa vya kuvutika, kama fulana na nguo za watoto wachanga, kwa kuwa meno huzitenganisha nyuzi bila kuzikata. Njia nyingine ni mguu. Kutoka kwenye kofia hushuka mrija mfupi unaopita kwenye tundu la kitambaa, na ukigongwa, ncha yake hufunguka na kulala juu ya jike. Hiyo inafaa jinzi, ngozi na turubai. Ukiweka kifungo cha mguu kwenye fulana, umekata nyuzi za kitambaa kinachovutika kila siku. Tundu litapanuka lenyewe hadi kofia ipite. Hata kifungo kingekuwa cha dhahabu, kingeng'oka.

Halafu kuna urefu wa mguu, jambo ambalo wanunuzi wengi wa vifungo hawaliulizi kabisa. Vifungo huuzwa kwa upana, milimita 10, 12 na nusu, 15, na mteja hutaja huo tu. Lakini mguu nao una kipimo chake, na unatakiwa ulingane na unene wa kitambaa. Mguu ukiwa mrefu kwa kitambaa chembamba, unaanguka upande unapogongwa, na kofia inabaki ikizunguka. Ukiwa mfupi kwa jinzi iliyokunjwa mara tatu, hautoki vya kutosha kufunguka, na kifungo kinashikilia kwa ukingo tu. Jaketi lenye tabaka mbili kifuani na nne mkandani linahitaji miguu ya urefu tofauti, ingawa kofia zote ni za sura moja. Kiwandani hilo limepangwa kabla mashine haijawashwa. Kibandani, fundi ana pakiti moja, na pakiti hiyo inatumika kwa kila kitu.

Na kuna pigo lenyewe. Mashine ya mkono ya kubana vifungo, ile yenye mpini na vikombe viwili vinavyotazamana, hushuka wima na kwa nguvu ile ile kila mara. Asiye nayo hutumia tindo dogo, kitako na nyundo. Nyundo si kosa, na mafundi wengi hodari hawana kingine. Kosa ni kugonga juu ya meza ya mbao inayonesanesa, au kuliinamisha tindo. Mbao hulinyonya pigo, mguu unafunguka nusu. Tindo likiinama, springi ndani ya jike inapondwa, na kifungo kinakuwa kigumu upande mmoja na kulegea upande wa pili. Kipande kinene cha chuma chini ya kitako, mapigo mawili au matatu mafupi yaliyonyooka, na kazi inakaa. Kisha kifungo kijaribiwe kwa vidole: ishike kofia na uizungushe. Ikizunguka, itolewe saa hiyo hiyo kabla ya mteja kuondoka nayo.

Kifungo kikishang'oka na kuacha tundu, kupiga kingine kikubwa mahali pale pale hakusaidii sana. Kitambaa kimekwisha kudhoofika. Kinachofaa ni kuziba tundu kwa kiraka upande wa ndani, ukatoboa upya, na ikiwezekana ukaweka duara dogo la ngozi kati ya kitambaa na jike. Ngozi ya kiatu kilichochakaa inatosha kabisa.

Makina, ambako Wanubi wameishi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, kuna kazi nyingine isiyohitaji nyundo. Ni abaya za kufunguka mbele, zinazofungwa kwa vifungo vidogo vya kushonwa, visahani viwili vyenye matundu pembeni, vilivyofichwa chini ya mkunjo ili mbele pabaki safi. Ni mtindo ule ule wa Mombasa, Unguja na Dubai. Hapo ugumu ni kulenga. Dume likishonwa milimita mbili pembeni, mbele ya abaya inavimba. Mafundi wana dawa yake: hushona dume kwanza, wanalipaka chaki kichwani, wanaulaza mkunjo mahali pake na kubonyeza. Alama ya chaki inaonyesha kituo halisi cha jike.

Tukija kwenye madini, kipimo cha kwanza ni sumaku. Ndani ya spika ya redio iliyokufa kuna sumaku ya kutosha, na fundi yeyote wa redio anaweza kukupa. Vifungo bora hutengenezwa kwa shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na sumaku haivuti shaba. Vya bei ya chini ni chuma kilichopakwa nikeli, na hivyo hurukia sumaku. Rangi inaweza kudanganya, sumaku haidanganyi. Chuma kilichopakwa huonekana kizuri dukani, lakini meno au mguu ukikunjwa, ngozi ya nikeli hupasuka, maji ya kufulia yanaingia, na baada ya muda kuna duara la kahawia kwenye shati jeupe lisilotoka kwa sabuni yoyote. Pwani, kwenye hewa ya chumvi, hilo huja haraka zaidi. Springi yenyewe inaweza kuwa ya chuma hata ndani ya kifungo kizuri cha shaba, hivyo ukiona sumaku imevuta kidogo tu, usikitupe.

Vipo pia vifungo vya plastiki. Havishiki kutu, vina rangi nyingi, na vinafaa. Ila pasi ikivigusa imeviharibu, na katika nyumba zinazotumia pasi ya makaa, ambayo joto lake halina kidhibiti, hilo si jambo dogo.

Nikeli ina shida nyingine, ya ngozi ya mwili. Wapo wanaopata upele na mwasho karibu na kitovu kwa sababu ya kifungo cha suruali, na wanapaka dawa miezi mingi bila kujua kinachowasumbua. Umoja wa Ulaya uliweka sheria kuhusu nikeli mwaka 1994: kitu kinachogusa ngozi kwa muda mrefu kisitoe zaidi ya nusu ya maikrogramu kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Anayewashwa mahali palepale kila avaapo suruali fulani ashonewe kipande cha pamba nyuma ya kifungo. Ni kazi ya dakika chache.

Kwa watoto wachanga uangalifu uongezwe mara mbili. Kifungo kinachong'oka huishia mdomoni, na mtoto anaweza kusongwa nacho. Viwanda vinavyojali huvuta vifungo vya nguo za watoto kwa nguvu ya karibu kilo saba hadi tisa kabla ya kuruhusu nguo iuzwe. Mama aliyenunua nguo ya mtoto sokoni hana mashine, lakini ana vidole. Avute kila kifungo kwa nguvu kabla ya kumvalisha.

Wasichana wa shule nao wanakihitaji kifungo hiki kwa namna ambayo haisemwi sana redioni. Sodo za kufuliwa, kama zile za AFRIpads, kampuni iliyoanza Uganda karibu na Masaka mwaka 2010, zina mabawa mawili yanayokutana chini ya chupi na kufungwa kwa kifungo cha kubonyeza. Kenya iliondoa kodi ya sodo mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 ikaipa serikali jukumu la kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Sodo ya kitambaa inatakiwa idumu miezi mingi ya kufuliwa na kuanikwa. Kitambaa chake kinaweza kudumu hivyo. Kifungo kikiachia darasani, yote yaliyofanywa na kitambaa hayana maana kwa msichana huyo siku hiyo. Wanaoshona sodo hizi, na vikundi vya akina mama vinavyozishona vipo katika mitaa mingi, hawapaswi kubana matumizi kwenye kifungo.

Jambo linalouma ni kwamba vifungo vinaharibika hivi ilhali ujuzi wa madini haujakosekana hapa Nairobi. Kibera kuna karakana zinazoyeyusha kufuli kuukuu na mabomba ya maji yaliyochakaa, shaba ile ile ya njano, na kuifanya bangili na hereni zinazonunuliwa hadi ng'ambo, pamoja na mapambo ya mifupa ya ng'ombe. Kamukunji, mafundi wa jua kali wanakunja, wanakata na kupiga bati kwa ustadi ambao mgeni husimama kuutazama. Hakuna anayedai kuwa karakana ya mtaani ishindane na mashine zinazotoa vifungo kwa mamilioni. Springi ile nyembamba inahitaji mitambo ya kiwanda. Lakini kitako na tindo la kupigia kifungo ni vyuma viwili vya kuchonga. Fundi chuma anaweza kuvitengeneza kwa kipimo cha kila kifungo kinachouzwa mjini, akavifanya vigumu kwa moto, akavipeleka Olympic, Makina, na ng'ambo ya Ngong Road hadi Kawangware. Kitako kisicholingana na kofia ndicho kinachozikwaruza na kuzibonyeza kofia nyingi.

Kwa hiyo maombi ni matatu, na yanaelekezwa kwa watu wanaoweza kuyatimiza. Walimu wa ushonaji katika vyuo vya ufundi wafundishe upigaji wa vifungo kama somo, mguu na unene wa kitambaa vikiwemo, badala ya kuliachia jambo hilo dakika ya mwisho ya nguo. Wauza vifungo waandike urefu wa mguu kwenye pakiti, si upana wa kofia peke yake. Na wewe msikilizaji unayepeleka jaketi kwa fundi wiki hii, mpe nafasi ya kupiga kifungo kimoja cha majaribio kwenye kipande cha kitambaa kile kile, chenye tabaka zile zile, na ukubali kulipia hicho kimoja cha ziada.